Siku Somo Yangu Alipomwaga Shabu

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu, ninayoikumbuka waziwazi kuliko nyingine ni Jumatatu ya tarehe saba Juni, mwaka 1993. Wifi yangu hushikilia mpaka leo kwamba ilikuwa Jumanne. Jumanne ilikuwapo, na nitaifikia kwa zamu yake. Lakini jambo lenyewe lilianza Jumatatu, baada ya adhuhuri, nikiwa nimeketi mkekani nyuma ya nyumba ya somo yangu, Bi Mwanaidi, kule Gongo la Mboto. Katika pindo la khanga yangu nilikuwa nimefunga kipande cha shabu, lile jiwe jeupe ambalo watu hulitia katika pipa la maji machafu ili matope yashuke chini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, ndoa yangu ikiwa katika mwaka wake wa tatu, na nilikwenda kwake kuomba anitafutie kitu kikali zaidi ya shabu.

"Kikali cha kufanyia nini?" aliniuliza huku akichambua mchicha.

"Cha kunikausha, somo. Hii hainitoshi tena."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Hakuniangalia usoni; alikiangalia kile kifundo cha khanga kama mtu aliyeona nge.

Ngoja kwanza nikueleze tulivyofika hapo, kwa maana ukilisikia neno la shabu peke yake unaweza kudhani nilikuwa nimerukwa na akili, na mimi sikuwa nimerukwa na akili hata kidogo. Nilikuwa mke anayetaka kubaki na mumewe.

Wazazi wangu walitoka Lindi wakahamia Temeke nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mila zao walizibeba pamoja na mikeka yao. Nilipovunja ungo, nilikabidhiwa kwa Bi Mwanaidi anifunde. Somo, kwa msichana wa kwetu, si mwalimu wa siku moja. Ndiye anayekuonyesha namna ya kujihifadhi siku za hedhi, namna ya kuoga, namna ya kukaa na mume; na hata ukiwa na wajukuu, jambo la siri ya mwili likikushinda, unarudi kwake. Mama mzazi unamwonea haya. Somo humwonei.

Niliolewa mwezi wa Agosti 1990 na Athumani, mchongaji wa vinyago. Nitakwambia kidogo tu juu yake, kwa sababu alifariki Februari 2014 na bado sijapata maneno yanayomtosha. Alikuwa mtu wa kimya, mwenye mikono iliyonukia mpingo. Niliolewa mara moja, nikafiwa mara moja, na mara ya pili sikuitaka. Wala usidhani kwamba hawakuja kubisha hodi.

Mwaka wa pili wa ndoa nilianza kuona mabadiliko. Ute wa kawaida, ule ambao kila mwanamke anao, ulizidi, ukawa mzito, ukageuka rangi kuelekea manjano, na ukawa na harufu nisiyoizoea. Kisha, baada ya kukutana na mume wangu, nikaanza kuona damu kidogo, ilhali siku zangu zilikuwa bado mbali. Maumivu yalikuwapo pia, ndani kabisa, kama mtu amekibonyeza kidonda. Mtoto hakuwa amekuja. Mama mkwe alikuwa mstaarabu, hakusema neno. Alikuwa anashusha pumzi tu kila akiniona nimefunga khanga kiunoni na tumbo limelala.

Jirani yetu pale Tandika aliitwa Mama Pendo. Alikuwa anazunguka na kapu lake la khanga, manukato, udi, na chini kabisa ya kapu, vitu vilivyofungwa kwa karatasi. Mama mcheshi, wa kukuchekesha mpaka ukasahau ulichokuwa unalilia. Nilipomdokezea hali yangu, hakufikiri hata kidogo.

"Shoga yangu, wewe una maji," alisema. "Na mwanaume hakuoa ili aogelee! Ndiyo maana na mtoto hashiki, anateleza."

Tulicheka. Nakwambia tulicheka mpaka tukashikana mabega, mwanangu, na nikanunua. Alinielekeza kuisaga shabu, kuichanganya na maji yaliyochemshwa kwa majani ya mpera, na kujisafisha kwa ndani asubuhi na jioni. Na siku mume akiwapo, kuweka unga wake kidogo, mkavu. Kwa juma la kwanza niliona kana kwamba nimepona. Ute ulikatika. Nilitembea kifua mbele kama mtu aliyepaka nyumba yake chokaa.

Juma la pili ulirudi, na sasa ulikuja na mwasho na moto. Nikaongeza shabu. Damu nayo ikaongezeka. Nikaongeza tena, nikatia na ndimu. Hapo ndipo ulipokuwa mtego wenyewe, na naomba uuelewe vizuri: kadiri nilivyojikausha, ndivyo mwili ulivyotoa maji zaidi kujiokoa, na kadiri ulivyotoa, ndivyo nilivyouona mchafu, nikauadhibu zaidi.

Naye Athumani akaanza kulala karakanani. Mara alisema kuna kazi ya mteja, mara akasema mvua ilimkuta kule. Karakana ile ilikuwa na paa la mabati na benchi moja. Hakuna mtu anayelala pale kwa raha. Nilihesabu kichwani mwangu wanawake wote ambao angeweza kuwa nao. Nilipofika kwa Bi Mwanaidi Jumatatu ile, nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba nisipopata dawa kali, mwezi hautaisha kabla sijarudishwa kwetu.

Basi, turudi mkekani. Bi Mwanaidi aliuweka ungo pembeni.

"Unaona damu?"

"Naona."

"Lini? Ukiwa na mumeo?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Na ndani panauma?"

"Panauma, somo. Lakini nikiwa mkavu nadhani—"

"Nyamaza. Fungua hicho kifundo."

Nilikifungua. Alikichukua kile kipande, akanyanyuka, akaenda hadi kwenye ndoo ya maji machafu aliyoyaoshea samaki, akakitumbukiza. Halafu akaibeba ndoo yenyewe na kuimwaga shimoni nyuma ya choo, jiwe na magamba na yote.

"Somoe," aliniita kwa jina langu, jambo alilolifanya mara chache, "mimi nilikufunda uoge. Sikukufunda ujikwangue kama masufuria ya ngoma. Nani kakwambia ndani yako ni chungu kilichoungua?"

Nililia. Nilitarajia anikumbatie, lakini hakuwa mtu wa hivyo.

"Lia ukimaliza useme. Unaogopa nini hasa?"

"Naogopa kuachwa," nilisema, nikamweleza yote: kapu la Mama Pendo, majani ya mpera na ndimu.

"Na mimi naogopa kukuzika," alisema. "Shangazi yako mmoja alianza kwa damu hivyo hivyo, akaificha kwa udi na mafusho mpaka ikawa haifichiki. Sijui kama lako ni hilo. Wewe pia hujui. Na yule mwenye kapu hajui. Kesho tunakwenda kwa anayejua."

Nikasema sina la kumwambia Athumani. Akasema nimwambie nakwenda na somo yangu kwenye shughuli, na kwamba huo hautakuwa uongo.

Hii sasa ndiyo Jumanne ya wifi yangu. Tulikutana asubuhi kwenye zahanati moja ya mtaani huko Temeke. Bi Mwanaidi alivaa baibui lake la Idi, kana kwamba tunakwenda kuposa. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mkunga, mwenye sauti ya chini. Alinihoji mambo ambayo sikuwahi kuyasikia yakitamkwa mchana kweupe, na aliyatamka kama anayeuliza bei ya nyanya. Ute una rangi gani? Unapokojoa unasikia moto? Homa je, maumivu ya tumbo la chini? Mara ya mwisho kuona siku zako ni lini? Hilo la mwisho nilimjibu kwa tarehe, akainua macho akatabasamu. "Wengine hapa hunijibu 'juzi juzi,'" alisema.

Akanieleza atakachofanya kabla hajakifanya. Kuna kifaa chenye midomo miwili kinachoingizwa taratibu, kikafunguliwa, ili aione shingo ya kizazi, ule mlango mdogo ulio mwisho wa njia, unaounganisha uke na mji wa mimba. Nilikuwa nimeolewa karibu miaka mitatu na sikujua kwamba mahali hapo pana jina. Nilishika mkono wa somo yangu. Iliuma, sitakudanganya, lakini iliuma kidogo kuliko hofu yangu.

Mkunga aliangalia kwa utulivu. Aligusa kwa pamba, kidogo tu, nikasikia akivuta pumzi.

"Pamevimba," alisema, "na ni pekundu sana. Nikigusa tu panatoa damu. Umekuwa ukijisafisha na nini?"

Bi Mwanaidi ndiye aliyejibu: "Shabu. Na majani ya mpera. Na ndimu."

Nilipovaa na kuketi, mkunga aligusa midomo yake mwenyewe kwa kidole. "Ngozi ya hapa unaionaje?" aliniuliza. "Laini, nyekundu, yenye unyevu. Sasa chukua shabu uipake mdomoni asubuhi na jioni kwa miezi. Utapasuka. Utachubuka. Utatoa damu ukicheka. Shingo ya kizazi ni laini kuliko mdomo, na haina namna ya kupiga kelele. Inalia kwa ute na damu."

Akaendelea kunieleza kwamba kulikuwa na mambo mawili, moja juu ya jingine. La kwanza lilikuwa maambukizi, yale yapitayo kati ya mume na mke, na ndiyo yaliyoleta ute wa manjano tangu mwanzo. La pili lilikuwa dawa zangu: zilichubua mahali palipokuwa tayari panaumwa, na kuua hata vile vijidudu vyema ambavyo Mwenyezi Mungu ameviweka kulinda njia ile. Akachukua ute kwa ajili ya kipimo, akanipima na damu. Akasema kwamba kwa macho yake haoni dalili ya saratani, lakini jicho si kipimo, hivyo uvimbe ukipoa nirudi nikaangaliwe kwa hilo nalo. Akanipa vidonge, akanieleza jinsi ya kuvimeza hadi mwisho, na akanikataza kujiosha ndani kwa kitu chochote, hata maji matupu.

Kisha akalitaja lililoniangusha moyo.

"Mumeo naye lazima atibiwe. Asipotibiwa, utapona leo na kuugua tena mwezi ujao. Na mpumzike kukutana mpaka wote mmemaliza dawa na nimewaambia tayari."

"Atasema mimi ndiye niliyemletea," nilisema.

"Anaweza kusema. Na wewe unaweza kusema ni yeye. Maambukizi haya hukaa mwilini muda mrefu bila dalili, kwa mwanaume na kwa mwanamke, hata tangu kabla ya kuoana. Hakuna kipimo kitakachonionyesha nani alianza. Kipimo kinaonyesha nani atibiwe."

Tulitoka nje. Bi Mwanaidi alitembea mpaka kwenye kibanda cha maji ya madafu, akaagiza mawili, akalishika lake bila kulinywa.

"Na mimi," alisema hatimaye, "ndimu nimekuwa nikiwaambia. Wasichana wote hao. Tone la ndimu kwenye maji, nilisema, kwa usafi."

Yeye ndiye aliyenikanya siku moja kabla. Sasa alikuwa amejikanya mwenyewe mbele yangu, na mtu mzima anapofanya hivyo mbele ya kijana, kijana huwa hajui aweke wapi macho. Niliangalia dafu langu. Baada ya muda alikunywa lake lote kwa mkupuo mmoja, akasema, "Haya. Tumfuate huyo mchongaji kabla hajalala tena juu ya benchi."

Tulimkuta karakanani, amekaa chini, kinyago kati ya miguu yake. Alipomwona somo yangu na baibui la Idi, rangi ilimtoka. Alinyanyuka, akajifuta vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tuna maneno."

Wenzake wawili waliokuwa pale wakakumbuka ghafla kwamba wana njaa, wakaondoka. Athumani alituletea benchi, yeye akabaki amesimama. Baadaye aliniambia alidhani tumekwenda kudai talaka.

Bi Mwanaidi hakuzunguka. Alimweleza kwamba mkewe ni mgonjwa, kwamba ugonjwa una jina na una dawa, kwamba dawa ni ya watu wawili. "Na kabla hujafungua mdomo kuuliza nani kamletea nani," aliongeza, "hapa hakuna baraza la kesi. Kuna kidonge chako na kidonge chake."

Athumani alikaa chini palepale kwenye vumbi la mpingo. Nilijiandaa kwa neno lolote isipokuwa lile alilolisema.

"Kwa hiyo si mie ninayemuumiza?"

"Unasema nini?" nilimuuliza.

"Kila nikikukaribia unatoka damu, Somoe. Na hulalamiki. Unauma meno tu. Mie nikasema, basi mimi ndiye ninayekujeruhi. Heri nikae huku."

Mwanangu, miezi yote ile nilikuwa nimemjengea mume wangu nyumba ndogo kichwani mwangu, nikaifagia, nikamwekea mwanamke ndani. Yeye alikuwa analala juu ya ubao ili asiniumize. Na kwa sababu alikimbia bila kusema, nami nilijikausha bila kusema, kila mmoja alikuwa akimzidishia mwenzake maumivu kwa huruma.

Nilimweleza habari ya shabu. Alisikiliza, kisha akaokota kipande cha msasa kilichokuwa karibu na goti lake, akakigeuza geuza.

"Hii," alisema, "mie hupiga mara moja, kazi ikiwa imeisha. Nikipiga kila siku asubuhi na jioni, hiki kinyago kitabaki na pua?"

Bi Mwanaidi akacheka kwanza. Nikacheka. Tulicheka tofauti na nilivyocheka na Mama Pendo. Safari hii palikuwa na machozi ndani yake.

Alikwenda zahanati siku iliyofuata, na alikwenda peke yake, bila kusukumwa. Tulimeza dawa zetu kwa glasi moja ya maji. Tulipumzika kama tulivyoagizwa. Alirudi kulala nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane tulikuwa tunazungumza kitandani kama watu wawili walio safarini pamoja. Juma la kwanza nilikuwa na hamu ya kujisafisha kama mlevi anavyotamani pombe. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe kwenye kopo. Nilijizuia. Moto ulipoa kwanza, kisha harufu ikaondoka, kisha damu ikakoma. Niliporudi kwa mkunga aliangalia, akagusa kwa pamba, na pamba ikatoka nyeupe. Alinionyesha. Sijawahi kuonyeshwa kitu kizuri zaidi kuliko pamba ile, isipokuwa binti yangu, aliyezaliwa tarehe kumi na tisa Machi 1995, na ambaye huhitaji kuniuliza jina lake: ni Mwanaidi.

Sisemi kwamba vidonge ndivyo vilivyoniletea mtoto. Mkunga mwenyewe alikataa kusema hivyo. Ninachosema, na nilikuja kukisoma vizuri zaidi nilipoingia madarasa ya jioni mwaka 2001, nikiwa na miaka thelathini na mmoja na kukaa dawati moja na vijana walioniita mama, ni kwamba maambukizi ya shingo ya kizazi yakiachwa hupanda juu, kwenye mji wa mimba na mirija yake, na huko yanaweza kufunga mlango wa uzazi kabisa. Yangu yalizuiwa yakiwa bado njiani.

Sasa utaniuliza kwa nini nayasimulia leo. Mwezi uliopita nilialikwa kwenye sherehe ya kumfunda bibi harusi huko Kinondoni. Ukumbi wenye feni, keki, na mpiga picha wa kike. Kikafika kipindi cha zawadi, ikapitishwa sinia yenye vichupa vyenye lebo za dhahabu. Nikakinusa kimoja. Mwanangu, ilikuwa shabu ile ile ya Mama Pendo, imevaa gauni jipya tu. Msichana wa watu akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru. Nilimwita pembeni kwa adabu, nikamnong'oneza niliyoyaona. Naye akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Bibi, sasa huo ute niufanyeje?" Jibu nililompa yeye ndilo ninalokupa wewe.

Ute si uchafu. Ule mwepesi, mweupe au usio na rangi, usio na harufu mbaya, unaozidi na kupungua kadiri mwezi unavyokwenda, ni kazi ya mwili wako, na mwili unajiosha wenyewe kwa ndani. Wewe oga nje, kwa maji, inatosha. Shabu, ndimu, majani, sabuni yenye manukato, unga wa aina yoyote, na kila kitakachouzwa kesho kwa jina ambalo leo hatulijui, usikiingize. Anayekwambia mwanaume anapenda mwanamke mkavu, mwambie amuulize mwanaume mwenyewe. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa.

Lakini ute ukibadilika rangi au harufu, ukiona damu baada ya tendo la ndoa au kati ya siku zako, ukiumia ndani, nenda kituo cha afya. Usingoje mpaka uwe na la kusimulia. Ukiwa na homa na maumivu makali ya tumbo la chini, au una mimba, nenda siku hiyo hiyo. Wakikupa dawa, imalize hata ukijisikia mzima. Usigawane vidonge na shoga yako, wala usinunue kwa kukisia. Mwenzi wako atibiwe pamoja nawe, na mpumzike mpaka mruhusiwe. Ukishapona, usikose kuchunguzwa saratani ya shingo ya kizazi kila unapoelekezwa, kwa sababu wengi wanaoumwa hiyo mwanzoni hawasikii chochote. Na ukiwa na binti mdogo, chanjo yake ipo, uliza.

Na nikuondolee hofu moja. Miaka michache baada ya kujifungua, nikitumia vidonge vya uzazi wa mpango, niliona tena matone ya damu. Moyo ulinirudi Juni 1993. Safari hii sikukawia. Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye benchi la zahanati. Wakanipima, wakakuta hakuna maambukizi wala saratani. Wakaniambia shingo yangu ya kizazi hutoa damu kwa kuguswa tu, kwamba ile ngozi laini ya ndani imejitokeza nje kidogo, jambo linalowapata wanawake wengi vijana, wenye mimba na wanaotumia vidonge kama vyangu, na kwamba si ugonjwa. Hawakunipa dawa yoyote. Nilirudi nyumbani nikapika pilau. Basi, usidhani kila damu ni kifo, wala usidhani kila damu ni bure. Nenda ukaambiwe ni ipi.

Bi Mwanaidi alifunda wasichana mpaka mikono ilipomtetemeka, kisha kazi hiyo akaniachia mimi. Nakumbuka mwali wa kwanza aliyemfunda baada ya Jumanne ile. Ilipofika zamu ya somo la usafi, wanawake wote wakisubiri aseme lile la ndimu, aliinyanyua ndimu sahanini wote wakaiona, akaikata vipande viwili, akaikamulia kwenye bakuli la mchuzi wa papa lililokuwa mbele yake. "Hii kazi yake ni hii," alisema, akala. Nami kila ninapomfunda msichana huanza na ndimu hiyo na bakuli hilo.

Nenda, mwanangu. Mola akupe mwili unaousikiliza unapokuita, na mume asiyekimbilia benchini bali anayekuuliza. Akupe mtu wa kumwambia lile usiloweza kumwambia mama yako, na siku ukimkosa, akupe miguu ya kukufikisha zahanati peke yako. Uzae ukitaka kuzaa, ucheke bila kuuma meno, na uzeeke ukiwa mzima kama nilivyozeeka mimi. Amin.